Karata za Jumanne za Mwalimu Nuala Tarpey

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha kisomo cha watu wazima hapa Kilbrannock, Mwalimu Nuala Tarpey anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni. Alianza kwa kujitolea, akiwa bado karani wa kiwanda cha maziwa. Kiwanda kilifungwa, yeye akabaki na darasa.

Siku hizo sisi wenzake tulibandika matangazo mji mzima, tukashangaa hakuna anayekuja. Nuala alitucheka. "Mnataka asiyejua kusoma asome tangazo? Na hata akisomewa, nani ataingia darasani humu mchana kweupe, kwenye mji ambao ukikohoa tu padri anaulizwa hali yako?"

Akaanzisha karata za Jumanne. Nusu saa ya kwanza watu walicheza kwelikweli, ili atakayeulizwa nyumbani alikuwa wapi ajibu bila kudanganya. Kisha karata zilikusanywa, chai ikamiminwa, kalamu zikatoka.

Hakuwahi kumpa mtu mzima kitabu cha watoto. Kila mmoja alianza na kile alichokihitaji, hata kama ni maelezo ya dawa ya kondoo. Sarufi aliifundisha kwa subira iliyotushinda wengine. Nukta, alikuwa akisema, ni ruhusa ya kupumua.

Dinny Culhane, mfugaji wa ng'ombe, alikuja kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Tangu waoane, mkewe Breda ndiye aliyemsomea matangazo ya vifo gazetini kila jioni, na Dinny akisingizia kupotewa na miwani. Kisha macho ya Breda yakaanza kufifia, na daktari hakuwaficha kitu. Kwetu, kukosa mazishi ya jirani ni jambo linalokumbukwa hadi na wajukuu. Dinny aliogopa siku ambayo Breda angekaa gizani akingoja habari za watu wake, naye yuko kando yake, gazeti mkononi, bubu.

Alihangaika na herufi majira mawili ya baridi. Mara mbili aliacha, na mara zote mbili Nuala alimfuata hadi zizini, akiwa na karata mfukoni. Hatimaye jioni moja alimsomea mkewe tangazo zima, akikwama na kuendelea. Breda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia.

"Majira mawili mazima ya karata, Dinny, na hujaleta hata bata mzinga mmoja wanaopewa washindi. Ulidhani sijui?" Wakalia wote wawili. Kisha Breda akasema, "Haya, nani mwingine kafa?"

Tulipomuuliza Nuala anataka zawadi gani, alikataa saa na maua. Alitaka mwanafunzi wake mmoja tu aingie kwa mlango wa mbele, watu wakiona.

Maneno haya nimeyaandika mimi, lakini anayewasomea ni Dinny Culhane. Ameingia kwa mlango wa mbele, kofia mkononi, na Breda ameketi safu ya kwanza. Nilitaka kufuta habari zake, akanizuia: "Ziache. Nitazisoma zote."

Mwalimu Nuala, asante kwa kila Jumanne. Tunakuombea afya, jioni ndefu za utulivu, na karata nzuri mkononi.

Dinny, hapo pana nukta. Pumua.