Kiatu cha Kulia cha Akaliza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya, pamoja na wote mlioandamana nawe,

KARIBU KWETU

Sisi wagonjwa wa mifupa wa kituo hiki cha Songo tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwamba ulipoingia, dada yetu Akaliza, huyo wa kitenge cha kijani hapo mbele, hakusimama. Si dharau. Sababu yake ndiyo risala yenyewe.

TULIKOTOKA

Akaliza aliteremka kutoka kwao milimani akiwa na miaka kumi na tisa. Utotoni mfupa wa mguu wake wa kushoto uliingia usaha, ukaacha kukua, hata ukapungukiwa sentimita tano. Mshona viatu wetu, mzee Chabani, alimtengenezea kiatu chenye soli ya matabaka matano ya tairi. Kizito hicho! Kanisani alikuwa akiingia kabla ya wengine ili wasimsikie akitembea, na jambo hilo lilimuuma kuliko mguu wenyewe.

Daktari Gratien akaukata mfupa, akauzungushia vyuma vya duara vinavyoshikwa na sindano zilizopenya mfupani, akatufundisha kuurefusha milimita moja kwa siku. Skrubu zilizungushwa mara nne kila siku kwa ufunguo namba kumi, ule ule wa mafundi wa pikipiki. Aliyeushika ni Halidi, katibu wetu, anayekusomea sasa. Akaliza aliuma pindo la kitenge na kumwambia, "Zungusha tu, kaka. Usiniangalie ku macho."

MAFANIKIO

Kila baada ya siku kumi, mzee Chabani aling'oa tabaka moja la soli. La tano lilipotoka, miguu ililingana. Tulipiga vigelegele hadi wauza samaki wa ndagala wa barabarani wakaja kuuliza ni nani anayeolewa. Siku hiyo hiyo, kwa furaha, Halidi aliiandikia ofisi yako barua ya shukrani: "Akaliza amepona."

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, jibu lilikuja kwa haraka tusiyoizoea. Lilitupongeza, kisha likasema kwamba kwa kuwa kazi imekwisha, Daktari Gratien atahamishwa mwisho wa mwezi huu.

Akaliza alisomewa jibu hilo, akauliza:

"Halidi, weye uliandika nimepona? Mguu iko murefu, ndiyo. Lakini mufupa mupya iko laini bado. Nani atanitolea hii vyuma?"

Tunakiri mbele yako: neno lile ni letu, na halikuwa kweli. Pale mfupa ulipovutwa pamejaa mfupa mchanga, mwororo kama ugali ambao haujaiva. Unahitaji miezi mitano zaidi ndani ya vyuma, chini ya macho ya daktari anayeujua, ndipo uweze kubeba mtu. Vyuma vikikosa mwangalizi, vidonda vya sindano vitaoza. Vikitolewa mapema, mguu utapinda au utavunjika, na maumivu yote aliyoyavumilia yatakuwa kazi bure. Tunaogopa sana, Mheshimiwa, na yeye anaogopa kutushinda sote.

OMBI

Mashuka yetu yamechakaa na paa linavuja, lakini leo hayo tumeyanyamazia. Tunaomba jambo moja: utuachie Daktari Gratien kwa miezi mitano. Kama kuna wa kulaumiwa kwa barua ile, ni Halidi, huyu aliyesimama mbele yako.

Tumekuletea zawadi. Mzee Chabani ameshona jozi ya viatu vipya, soli zake zimelingana. Akaliza hajavivaa. Cha kushoto anabaki nacho, cha kulia tunakukabidhi wewe. Tunajua si adabu kumpa mgeni kiatu kimoja. Tunachoomba ni urudi nacho siku vyuma vitakapotolewa, naye atasimama kukipokea.

Mungu akufikishe salama kwako, awape watoto wako hatua zisizowauma, nasi atujalie kukuona tena.

Ni sisi,
Kikundi cha Hatua Sawa,
Songo, Uvira