Jani la Shangazi Yenu

Sikilizeni, wanangu, na wewe kitindamimba acha kulia kwanza, machozi hayashoni nguo. Cherehani ni ya dada yenu, maana ndiye anayeitia mafuta bila kuambiwa. Chumba cha nyuma ni cha kaka yenu, ila asimweke mpangaji asiyejua kufunga mlango. Hayo ni madogo. Kubwa ni lile ua la majani manene pale dirishani.

Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, shangazi yenu alisema mbele ya wageni, tena akinywa chai niliyoipika mimi: "Huyu hata jani haliwezi kuota mkononi mwake." Wageni wakacheka, na baba yenu, Mungu amrehemu, akatazama sakafu. Nikakusanya vikombe. Lakini mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kesho yake nikaokota jani lililodondoka kwa jirani, nikalichomeka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, likaota, likatoa maua mekundu. Baadaye mkaja nyinyi watatu.

Shangazi yenu alipoliona ua hilo akalitamani. Miaka ishirini na sita sasa anakuja kuomba jani, nami nampa, tena kubwa, kwa mikono miwili, na kila mara linamwozea, kwa sababu nilimwambia alipande lingali bichi na alimwagilie asubuhi na jioni, naye hajakosa hata siku moja.

Nyinyi nawaambia kweli. Jani likikatwa, lilazeni kivulini siku tatu mpaka kidonda kikauke, ndipo mlisimamishe kwenye udongo wenye mchanga, chombo kiwe na tundu chini, na maji msitie mpaka mchomeke kidole mkute pamekauka. Ua hili hufa kwa kupendwa kupita kiasi.

Usiniambie nisamehe, mwanangu. Nimejaribu, neno limenikwama hapa. Juzi alipokuja kuniuguza alinishika mkono, akasema, "Wifi, mimi sina mkono wa kuotesha." Alikuwa analia. Nilifurahi, wanangu. Nilifurahi mpaka homa ikashuka.

Sogeeni, pumzi inanipungukia. Msigombane. Popote mtakapodondoka, muote. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine.

Nikishazikwa shangazi yenu atakuja na kikopo chake. Msimnyime. Mchagulieni jani zuri, mumpe kwa mikono miwili... na akiuliza maji... mwambieni mama alisema... asubuhi... na jioni.