Posa Iliyotanguliwa na Mngurumo

Kando ya Barabara ya Tisa mjini Dodoma, mbele ya duka la vipuri la Kishan Govindji, palikuwa na benchi la mninga lililokalishwa juu ya rimu mbili za lori. Hapo Mzee Nasri Kombo aliuza kahawa kila alasiri, upepo wa vumbi upende usipende. Mwaka ulikuwa 1996. Magari ya Kijapani yalikuwa yakimiminika tangu milango ya biashara ifunguliwe, na kila mwenye gari alikuwa na washauri wengi kuliko abiria. Wakaaji wa benchi walikuwa wanne. Bartolomayo Mhembano aliitwa Injinia, ingawa kazi aliyoifanya hadi alipopunguzwa ilikuwa ya ukarani wa stoo katika karakana ya shirika moja la umma. Seth Mlugu aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa Bunge likikaa mjini hakosi kwenye viti vya wageni, na akitoka huko huongea kama aliyechaguliwa. Kishan mwenyewe walimwita Spea. Wa nne, Swalihu Mabruki, dereva wa teksi, hakuwa na jina la utani. Gari lake ndilo lililokuwa nalo: waliliita Paka, kwa sababu lilikuwa likikufikia hujalisikia.

Jumamosi ile Swalihu alikaa ukingoni mwa benchi, hakugusa kikombe. Jana yake, baada ya sala ya Ijumaa, mjomba wake na mzee mwingine mmoja walikwenda Majengo kwa Mzee Rehani Feruzi, kumposea binti yake, Shamila. Walikwenda na gari la Swalihu. Yeye mwenyewe alibaki, kwa maana mposaji haendi kujiposea. Aliyeendesha alikuwa Injinia. Wakarudi kahawa haijapoa, na neno walilopeleka wakarudi nalo mdomoni.

— Nataka mtu mmoja aniambie, alisema Swalihu. Mmoja tu. Nani alinishauri nibadilishe masega?

Masega ndilo jina walilolipatia mafundi lile kopo la bati lililo katikati ya bomba la moshi, lenye vitundu ndani kama sega la nyuki. Moshi hupita humo ukachujwa. Wiki iliyotangulia, kopo la Paka lilikuwa limekatwa huko Chang'ombe, pakachomelewa jingine pana, lililotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka.

— Swali lako halina afya, alisema Mheshimiwa. Tusitafute mtu. Tutafute mfumo.

— Mfumo haukukaa hapa ukala kashata zangu ukaniambia gari langu lina sauti ya cherehani!

— Hilo nilisema mimi, alikubali Injinia. Na sifuti. Injini ile ilikuwa inapumua kwa tundu moja la pua. Nilikwambia, Swalihu, mdogo wangu, unakwenda kuoa kwa akina Feruzi, watu wenye jina tangu enzi za misafara, halafu wazee wako wafike kimya kimya kama watu waliokuja kuazima chumvi?

— Ndivyo posa inavyokwenda! Swalihu alipiga goti lake. Kimya kimya! Wazee wanapita kama wanaosalimia tu. Wanakaa, wanakunywa maji, wanasema. Wakikataliwa, jirani hakujua, na binti hakuvunjiwa uso. Wakikubaliwa, ndipo vigelegele. Injinia, wewe hukulijua hilo?

— Kwetu Kibakwe mambo hayo...

— Kule si Kibakwe. Kule ni Majengo. Ukikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanakuchemshia tangawizi.

Mzee Nasri alicheka peke yake, akajipangusa macho na ncha ya kanzu.

— Hebu simulia vizuri ulivyofika pale, alisema Spea. Mimi nilichouza ni kopo. Sikuuza mguu wa kukanyagia mafuta.

Injinia alijiweka sawa kama shahidi.

— Nilifika taratibu. Sema ile njia ya pale kwao ina mchanga, ikabidi nikanyage kidogo.

— Kidogo!

— Kidogo cha kiinjinia. Likanguruma. Lilinguruma vizuri, lazima tuseme kweli; tumbo lenyewe lilitikisika. Watoto wakatoka, wakadhani ni gari la kampeni limerudi. Wakaanza kukimbia nyuma wakiomba kofia. Kufika mlangoni, nikaachia mafuta. Sasa ndipo likapiga.

— Likapiga nini? aliuliza Mheshimiwa, ingawa alishasikia.

— Likabwatuka. Mara mbili. Moshi ukikuta njia pana ghafla unabwatuka, ni kanuni. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mama mmoja akatoka na upawa, akamwona mjomba wake Swalihu anashuka na kanzu nyeupe na mkongojo, akaelewa. Akapiga kigelegele. Wa pili akapokea. Mtaa mzima ukapokea.

Swalihu alifumba macho. Ijumaa ile, akiwa amekaa papa hapa kwenye benchi, alikuwa ameusikia mngurumo huo kwa mbali, na moyo wake ukapanda kwa fahari. Hilo hakuwaambia.

— Mjomba ananiambia Mzee Rehani alisimama mlangoni, alisema. Hakuwakaribisha. Aliuliza jambo moja: siku hizi mabinti wanaposwa kwa tarumbeta? Basi. Sasa fikirini. Akikataa, mtaa wote utasema Shamila ana kasoro, maana walishashangilia. Akikubali, atakuwa amekubalishwa na kelele za wapita njia. Mmemfungia mzee wa watu ndani ya nyumba yake mwenyewe! Na mimi ndiye mkwe!

— Hapo sasa nakasirika hata mimi, alisema Mheshimiwa, akaweka kikombe chini. Nakasirika kwa niaba ya wananchi. Spea, kopo lile limetoka wapi?

— Dar. Na kabla ya Dar, Japani.

— Umeona? Gari la mashindano. Kitu kilichozoea mashindano unakipeleka posani! Hicho chuma kimekaa miaka kinasikia bunduki ya kuanzisha mbio. Kimefika pale kwa Mzee Rehani kimeona watu wamesimama pande mbili za njia. Kitafikiri nini?

— Chuma hakifikiri, Mheshimiwa, alisema Spea.

— Kwa nini kilibwatuka mlangoni hasa? Kwa nini si pale sokoni?

— Kwa sababu niliachia mafuta mlangoni, alisema Injinia. Ila kuna jambo zito zaidi, na nimelifanyia utafiti. Masega ya zamani, yale tuliyoyatoa, Mjapani hakuyaweka kwa ajili ya moshi. Moshi wa Dodoma unamhusu nini Mjapani? Aliyaweka kuibana injini. Gari likitoka kwao linabanwa pumzi, ili lifike kwetu limechoka, tununue jingine. Mimi nilimfungua Paka kitanzi. Kosa langu ni huruma.

— Spea, ni kweli? aliuliza Swalihu.

Kishan alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kusema ukweli nusu, nusu nyingine akaibakiza dukani.

— Yale mapana yanapitisha moshi upesi. Nguvu inaongezeka kidogo. Sauti inaongezeka zaidi. Ukiliacha kopo la kuzuia sauti kule nyuma, gari linakuwa na adabu.

— Na lile la nyuma liko wapi?

Swalihu akamgeukia Injinia.

— Injinia, liko wapi?

— Lilikuwa zito, alisema Injinia. Nikamwambia fundi alitoe. Tunatafuta wepesi.

— Mimi sikukwambia ulitoe!

— Ulisema nifanye kama gari langu.

— Wewe huna gari!

— Ndiyo maana nilifanya kwa uangalifu mkubwa.

Benchi likatikisika kwa kicheko, isipokuwa upande wa Swalihu. Alitaka kuinuka aondoke, lakini angekwenda wapi? Nyumbani, mjomba wake alimsimulia yaliyotokea jana, na tangu hapo hajamsemesha tena. Kijiwe cha teksi, wenzake wangemwigizia mbwatuko kwa midomo. Na Majengo ndiko alikokutaka na ndiko asikoweza kukanyaga.

— Msicheke, alisema Mheshimiwa, naye bado anacheka. Hili ni jambo la kitaifa. Zamani gari lilikuwa moja, la serikali, na lilijulikana kwa sauti. Ukilisikia unajua afisa anakuja, unaficha pombe. Sasa wametuletea magari ya kimya. Kwa nini ya kimya? Ili wakibeba madini yetu usiku tusisikie! Ndiyo, Swalihu, usinitazame hivyo. Wewe umelipatia gari sauti, umelirudishia taifa masikio. Mzee Rehani angekupa binti wawili.

— Anaye mmoja, alisema Swalihu. Na simtaki mwingine.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Mzee Nasri akammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

— Suluhu ipo, alianza tena Injinia. Tunaongeza kopo la pili. Masega mawili. La kwanza linapokea, la pili linabembeleza. Sauti inakuwa nzito lakini ya heshima, kama ya imamu. Wazee wanarudi Majengo Ijumaa ijayo, mtaa unasikia tofauti, wanaelewa kuwa tumejirekebisha.

— Warudi na mngurumo mwingine? Una akili?

— Mzuri zaidi!

— Au tulipeleke gari kwanza tupu, alisema Mheshimiwa. Lipite mtaa ule kila siku, mwezi mzima, walizoee. Likija na wazee, hakuna atakayetoka nje.

— Au liende likiwa limezimwa, tunalisukuma, alisema Spea, na haikujulikana kama anatania.

Hapo ndipo waliposikia mtu anawasalimu kwa nyuma. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amejitanda kanga vizuri, mkononi ana kikapu cha zabibu za Makutupora. Swalihu alisimama kama aliyeungua. Alikuwa Bi Mwanne Feruzi, dada yake Mzee Rehani, shangazi yake Shamila.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba, wote. Msisimame, sikai. Kaka yangu amenipa swali nimfikishie Swalihu. Nimekwenda kwenu, nikaambiwa upo hapa na wenzako.

— Shangazi, kuhusu jana, mimi...

— Sikutumwa kuhusu jana. Jana tuliisikia. Kaka anauliza hivi: lile gari, kabla hujalibadilisha, lilikuwa na ubaya gani?

Swalihu alifungua kinywa. Injinia akamwahi.

— Mama, kitaalamu, injini ilikuwa...

— Lilikuwa haliwaki?

— Lilikuwa linawaka.

— Lilikuwa likishindwa njiani?

— Mwezi uliopita lilipanda Kibakwe na watu watano, alisema Spea, kabla hajajizuia.

— Lilikuwa linakula mafuta?

— Kidogo tu, kama shomoro, alisema Swalihu polepole.

— Basi ubaya wake nini?

Mheshimiwa alitazama ndani ya kikombe chake. Spea alikumbuka kwamba ameacha duka bila mtu, ingawa duka lilikuwa hatua chache mgongoni mwake. Injinia alikunja vidole, akavikunjua.

— Halikuwa na sauti, alisema mwisho.

— Hilo ndilo alilotwambia mjomba wake pale mlangoni, akiomba radhi, alisema Bi Mwanne. Ndiyo maana kaka hakulala. Shamila wetu naye hana sauti, ni msichana mkimya. Hana ubaya wowote, tumemlea sisi, tunamjua. Kaka anataka kujua atakaa na Swalihu muda gani kabla hamjakaa kwenye benchi hili mkamtafutia cha kubadilisha.

Upepo ulipita, ukaacha vumbi juu ya kahawa. Hakuna aliyelipuliza.

— Nimpelekee jibu gani? aliuliza Bi Mwanne.

Swalihu aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa imegeuka na kumwelekea yeye. Nani alimwekea bisibisi shingoni? Walisema; naye akawapa ufunguo.

— Nitakuja kumjibu mwenyewe, shangazi.

— Haiwezekani! Mheshimiwa aliruka. Mposaji haendi mwenyewe, si ndivyo ulivyotufundisha sasa hivi? Unavunja kanuni!

— Hajaitwa kuposa, alisema Bi Mwanne. Ameitwa kujibu swali. Una jibu?

— Bado, shangazi.

— Basi twende. Ni mwendo kidogo mpaka Majengo, utafikiri njiani.

Swalihu akampokea Bi Mwanne kikapu. Injinia, aliyebaki na ufunguo wa gari tangu jana, akauinua.

— Pandeni tu nikupelekeni, mama. Nitakanyaga kwa ncha ya kidole. Na kama ukitaka ushauri wa namna ya kumjibu...

— Kaa, Injinia, alisema Swalihu.

Injinia akakaa.

Wakaenda, Bi Mwanne mbele, Swalihu nyuma na kikapu, wakipita kivulini mwa maduka. Kwenye benchi walianza kunong'ona, halafu sauti zikapanda: Spea anasema jibu ni moja, Injinia anasema ni mawili. Swalihu hakugeuka. Alikuwa akitafuta kichwani siku moja tu ambayo gari lile lilimkosea, na mpaka wanakata kona alikuwa hajaipata.