Efraimu Lusajo Swila, Fundi wa Dohani wa Isongole (1971–2025)

Ndugu waombolezaji, leo Alhamisi, tarehe 24 Aprili 2025, tunamzika Efraimu Lusajo Swila. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 hapa Isongole, mtoto wa nne wa mzee Lusajo Swila na mama Nesta. Watatu waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, hivyo yeye alilelewa kwa hofu nyingi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, 1980 hadi 1986. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mpira ukinasa juu ya paa la shule, yeye ndiye aliyetumwa.

Mwaka 1989 alikwenda Ruanda, Mbozi, kuchuma kahawa. Huko alimkuta fundi Mika, aliyesafisha dohani za nyumba za zamani za mashambani, yale mabomba ya matofali yanayotoa moshi wa meko nje. Alimfuata miaka mitatu, akarudi nyumbani na brashi ya waya, kamba ndefu na kipande cha chuma kizito cha kufunga mwishoni. Tangu hapo, kila nyumba yenye meko kutoka Itumba hadi hapa ilimjua. Huku kwetu ukungu hauishi. Masizi yakilowa huwa kama lami, hushika matofali na kuziba njia. Wateja wote aliwaambia maneno yale yale: safisha kabla ya masika na baada ya masika, choma kuni kavu, weka kofia ya bati yenye miguu ili mvua izuiwe na moshi upite.

Mwaka 2011 mama mmoja wa Itumba alimpigia simu akilia.

"Fundi, moshi unarudi ndani. Nyumba ina mapepo, nimeshaita waombeaji."

Efraimu akapanda, akashuka na kiota.

"Mapepo yako haya, mama. Yana mayai manne. Waombeaji wakija, wakaangie."

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na Tabita. Walijaliwa watoto watatu. Hakuwahi kumpigia mkewe kelele, isipokuwa alipomkuta amewasha mkaa ndani na madirisha yamefungwa.

Kifua kilimwanza mwaka 2021. Miaka thelathini ya masizi ilikuwa imekaa humo. Mwaka jana aliacha kupanda mapaa. Mwezi Machi mwaka huu upepo uling'oa kofia ya dohani ya nyumba yake mwenyewe, naye akawa anasema, "Kifua kikitulia nitairudisha." Hakikutulia.

Mke wake ameomba yafuatayo yaandikwe na yasomwe kama yalivyo.

Jumatatu tarehe 21 Aprili mvua iliingia kupitia dohani ikalowesha sakafu hadi kwenye kitanda cha mgonjwa. Tabita aliogopa ubaridi ungemmaliza. Efraimu akiwa amelala, mkewe alipanda ngazi, akafunika dohani kwa gunia la mbolea na kuweka jiwe juu yake. Hakumwambia, kwa kuwa alijua angekatazwa. Alikusudia kuliondoa mvua ikikatika.

Asubuhi ya Jumanne alikwenda Itumba kumchukulia dawa.

"Usihangaike na moto, baba Erica. Nitawasha nikirudi."

"Nenda bwana. Mimi mtoto?"

Saa tatu jirani yetu, bibi Fides, alimletea uji wa ulezi. Walizungumza, akanywa, bibi akaenda zake shambani. Baridi ilipozidi, Efraimu alifunga mlango na dirisha, akawasha mkaa kwenye meko. Aliamini dohani iko wazi. Mkaa ulioshika hauna moshi wa kumshtua mtu. Saa nane Tabita alimkuta kitini, ameshafariki. Daktari ameeleza kwamba ni hewa ya sumu ya mkaa iliyokosa pa kutokea.

Lakini hapa msibani maneno yamekuwa mengine. Jana bibi Fides alizuiwa getini na vijana wa ukoo. "Uji wako umeshamaliza kazi, umefuata nini tena?" Tabita alisimama mbele ya wazee akasema, "Mwacheni bibi wa watu. Gunia ni langu. Nilipanda kwa miguu yangu, nikaliweka kwa mikono yangu. Mwenye la kusema aniambie mimi."

Familia imekubali kwamba huo ndio ukweli, na inawaomba wote wenye meko wakague dohani zao leo, kabla ya kuwasha moto.

Marehemu ameacha mjane, Tabita, watoto, Erica, Lusubilo na Abrahamu, wajukuu wawili, na mama yake mzazi, bibi Nesta. Mtu wa mwisho kusema naye alikuwa bibi Fides. Vijana waliosimama getini wampishe njia. Watoto wakishaweka udongo, anayefuata ni yeye, na mjane atamshika mkono.

Mungu ampokee Efraimu, ampe pumziko lenye amani.