Shingo ya Shakila

Ndani ya kioo cha gari, dereva Mahamudi aliwaona vizuri mama wawili waliokaa nyuma yake. Walipanda teksi-bisi pale Ndosho bila kujuana, na kufika Katoyi walikuwa wanagombana kama mtu na wifi yake.

Mmoja alimpakata Shakila, binti yake wa miaka minne. Mtoto huyo alikawia kulia siku ya kuzaliwa, ubongo ukakosa hewa, na shingo haikupata nguvu. Mama alimtia kidonge cheupe chini ya ulimi, kidogo kama ushanga.

"Ni omeopati, dawa ya vidonge vidogo vitamu," alisema. "Dada alinitumia."

"Mama, ile ni sukari tu!" akajibu mwenzake, mama wa Butembo. "Mutoto wangu alikuwa hivi hivi. Kine ndiyo ilimusimamisha, yale mazoezi ya kila siku."

"Kine siiachi hata siku moja. Hata sasa tunaenda kule. Nikiongeza sukari kidogo juu yake, nitamuua?"

"Hapana. Lakini siku mutoto atakaa, utashukuru sukari!"

Mahamudi alikaza macho barabarani. Dereva akichagua upande, nusu ya abiria wanashuka.

Karibu na Murara pikipiki ikamkatia njia, akakanyaga breki kwa nguvu. Mara akaikumbuka ile shingo ndogo, akatazama kioo kwa woga.

"Umeona kichwa? Dawa hiyo!"

"Kine hiyo, mama!"

Gari lilikuwa limesimama. Shakila, kichwa juu bila mtu kumshika, alikuwa anamkazia dereva macho ndani ya kioo, amekasirika kabisa.

"Pardon, Shakila," Mahamudi akasema.