Swali la Kaka

Ndani ya basi, fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, lakini wale wawili wa kiti cha mbele yake hawakuwa watu wa kunong'ona. Mmoja alikuwa mwalimu wa dini, mzee mwenye sauti iliyozoea umati. Wa pili alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyemzika kaka yake juzi.

"Pole sana, mwanangu," alisema mzee. "Ila kijana mwenye imani haogopi kufa. Vijana wa siku hizi mnaogopa kwa sababu hamuamini."

"Baba, mimi ndiye nisiyeamini, na siogopi. Kaka yangu hakukosa ibada hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka."

Fundi akaacha kujifanya anatazama dirishani.

"Kuna kosa la zamani lilikuwa likimtesa," msichana aliendelea. "Akanishika mkono, akaniuliza, 'Mdogo wangu, nimesamehewa kweli?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui. Sikutaka kumdanganya mtu anayekufa. Akaniachia mkono, akageukia ukutani, na hakusema tena mpaka mwisho." "Wewe ungemjibuje, baba?"

Mzee, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu walipopanda, alifungua mdomo, akaufunga. Basi likasimama. Msichana alifika mlangoni, akageuka, akasubiri jibu lake huku dereva akipiga honi. Fundi, mwenye binti wa rika lile nyumbani, alitamani mzee aseme lolote, hata la uongo.

Mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Msichana akashuka.