Sain ya Mia na Hamsini

Vijiwe vya Garsen ni vingi, lakini hiki kiko karibu na njia panda ya Lamu: ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, kando ya banda la kuziba pancha. Mwenye banda ni Uledi Buya, ambaye wateja wamempachika jina la Pampu. Wenye ubao ni Levis Jilo, tarishi mstaafu, aitwaye Serikali, na Dawood Hiribae, mkulima wa Ngao, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Kahawa ni ya Kaltuma Bishar, na alasiri ile aliimimina akili yake ikiwa mbali. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na mara mbili somo hilo hilo lilikuwa limemfungia mlango wa chuo cha ualimu.

— We Kaltuma, hicho ni kidole changu, si kikombe! Dawood akaruka.

— Pole, mzee. Kuna pembe imenikwama kichwani.

— Pembe ya ng'ombe?

— Ya digrii mia na hamsini.

Akawaeleza. Sain aliijua: katika pembetatu yenye pembe mraba, chukua upande unaoikabili pembe yako, ugawe kwa upande mrefu kuliko zote. Lakini pembe mraba ikishachukua tisini zake, zinabaki tisini tu za kugawana zile mbili nyingine. Mia na hamsini itakaa wapi? Na kikokotoo kilisema sain yake ni nusu, sawasawa na ya thelathini.

— Hicho kikokotoo ni feki, Levis akatoa hukumu. Kirudishe dukani.

— Nimejaribu vitatu, mzee.

— Basi vyote vya duka moja. Mchuma janga hula na wa kwao.

— Wacha wewe! Dawood akadakia. Hiyo pembe imefanya kama mto. Ukitoka Ngao kwa mtumbwi kwenda Ozi, mto unapinda, unapinda, mpaka unajikuta unatazama Ngao tena. Thelathini na mia na hamsini ni kijiji kimoja, njia mbili.

— Redio, umewahi kwenda shule?

— Nimepita nje yake. Mwenda pole hajikwai.

— Mimi nimefanya kazi ofisini, Levis akasema, akikaa wima. Barua isiyojibiwa siku tisini inarudi kwa mwandishi. Ni sheria! Pembe ikipita tisini inarudi ilikotoka. Hata jua lenyewe linajua: saa sita likifika utosini linageuka.

— Kwa hiyo hesabu imetungwa ofisini kwako? Dawood akauliza.

Kaltuma alicheka. Mtihani haungeuliza habari za barua. Ungetaka aeleze.

Hapo Uledi akaweka chini vyuma vya kufungulia tairi, akaliweka sawa gurudumu la pikipiki alilokuwa ametundika kwenye ekseli ya kufanyia kazi.

— Mama, njoo hapa. Tazama valvu.

Akaisogeza valvu mpaka ikalingana na ekseli, upande wa kulia. Hiyo, akasema, ni sifuri. Akalizungusha gurudumu kidogo kidogo. Valvu ikapanda.

— Sasa iko thelathini. Pima imepanda kiasi gani juu ya ekseli.

Kaltuma akachukua uzi, akaunyosha kutoka ekseli hadi kwenye valvu, akaukunja katikati. Ule uliokunjwa ulitosha kabisa kimo cha valvu. Nusu. Uledi akaendelea kuzungusha: tisini, valvu iko juu kabisa, kisha ikaanza kushuka upande wa kushoto. Mia na hamsini. Kaltuma akapima tena. Nusu ile ile.

— Ni kimo tu, akasema polepole. Sain ni kimo cha valvu, ukigawa kwa uzi mzima. Na pembetatu yangu ilikuwa robo ya gurudumu!

— Na ikishuka chini ya ekseli? Levis akauliza, kama mtu aliyewakamata. Hakuna kimo huko!

— Serikali, Dawood akasema, maji yakishuka chini ya alama ya nguzo ya kupimia mto, tunasema yamepungua hivi na hivi. Hatusemi mto haupo.

— Basi huko ni hasi, Kaltuma akasema.

Mwenye gurudumu, Galgalo, kijana wa bodaboda aliyemaliza shule Hola, alikuwa amefika na kusimama nyuma yao.

— Poa sana. Na tan? Si ni kimo, ugawe kwa umbali wa kwenda kando? Sasa ikiwa juu kabisa, pale tisini, tan ni ngapi?

— Tisini! akasema Levis.

— Sifuri, akasema Dawood.

— Moja? Uledi akanong'ona.

Kaltuma akaipandisha valvu mpaka juu, akauteremsha uzi kutoka hapo. Ukaangukia ekseli. Kando hapakuwa na hata upana wa ukucha.

— Hakuna cha kugawia, akasema. Haina jibu.

— Ati utawaandikia wasahihishaji haina jibu? Levis akashangaa. Mara ya tatu hii, binti yangu!

— Nitawaandikia, mzee. Na chini yake nitawachorea gurudumu.

Levis akainua mkono apinge, akautazama uzi ulivyosimama, akaurudisha mkono magotini.